Nyongo Mkalia Ini: Lugha ya Ushairi Inavyosema Mapenzi

Kwenye harusi ya mpwa wangu mjini Tanga, bwana harusi alishika kipaza sauti, akatoa karatasi mfukoni, akamsomea mkewe ubeti alioutunga mwenyewe:

Umeganda maungoni, hapana wa kubandua,
Kisu kitie alani, mchinja ukitambua,
Atutengae yakini, utamu atauua,
Nyongo mkalia ini, pako si pa kununua.

Upande wa kwetu vigelegele vikapaa. Upande wa bibi harusi, watu waliosafiri kutoka Singida, walitazamana. Baadaye, wakati wa pilau, shangazi yake bibi harusi alinifuata, akaketi karibu nami na kuniuliza kwa upole wa mtu aliyeumia: "Baba, huyu kijana wenu amemwita binti yetu nyongo mbele ya watu. Nyongo si chungu? Tumewakosea nini?"

Nilimjibu kadiri nilivyoweza katikati ya ngoma na spika, lakini jibu lilikuwa fupi mno. Tangu siku ile swali lake nimelisikia kwa sura nyingine nyingi. Vijana huniuliza kama mashairi ya mapenzi si uongo uliopangwa vizuri. Wazazi husikia taarabu wakaapa kwamba ni matusi. Mtu hupokea ubeti kwenye simu asijue kama amesifiwa au amesimangwa. Haya ndiyo maelezo niliyopaswa kumpa shangazi siku ile.

Tuanze na kuku. Mama anapomfundisha binti kumsafisha kuku aliyechinjwa, onyo la kwanza ni nyongo: itoe taratibu, isipasuke. Kale kafuko ka kijani kameng'ang'ania chini ya ini, na ukikavuta kwa pupa kanapasuka. Kakipasuka, ini lote linakuwa chungu, unalitupa. Hapo ndipo usemi wa nyongo mkalia ini ulipozaliwa. Nao hauzungumzii ladha. Unazungumzia mahali, na ugumu wa kutenganisha. Ongeza kwamba kwa Mswahili ini ni makao ya hisia kama ulivyo moyo: maneno makali tunayaita maneno ya kukata maini, na mama humwita mwanawe ini langu. Anayeitwa nyongo mkalia ini, basi, ameambiwa hivi: umekaa pale palipo laini kuliko pote ndani yangu, na atakayekubandua kwa nguvu ataniharibu mimi pia. Uchungu wa nyongo haumo katika hesabu hiyo. Angalau haukuwamo katika hesabu ya bwana harusi.

Kosa la shangazi halikuwa ujinga. Alifanya ambalo wengi wetu hufanya: alisikia kitu kimetajwa, akachukua sifa yake inayojulikana zaidi, akadhani ndiyo iliyokusudiwa. Karibu kila mkanganyiko kuhusu mashairi ya mapenzi huanzia hapo.

Maneno machache kabla ya safari

Kiswahili kina mapenzi, upendo, mahaba na huba, na watu huyachanganya. Upendo ni mpana: wa Mungu, wa jirani, wa nchi. Mahaba na huba, yenye asili moja ya Kiarabu, yameegemea kwa wawili waliovutana. Mapenzi yana jambo la ziada ambalo ni rahisi kulisahau: ni utashi pia. Tukisema "kwa mapenzi ya Mungu" tunamaanisha alivyotaka. Kwa hiyo anayesema "nina mapenzi nawe" anataja hisia na pia anatangaza alichokitaka. Malenga wa pwani wana hazina yao juu ya hapo: nyonda, muhibu, laazizi, mwandani. Mtu akiitwa muhibu, ajue tu kwamba amependwa.

Neno la muhimu kuliko yote katika makala haya ni sifa. Fungua tangazo la kazi: "Sifa za mwombaji: awe na shahada, awe na uzoefu wa miaka 3." Neno hilohilo ndilo la kumsifu mpenzi. Katika Kiswahili, sifa ya kitu ni kile kilichomo ndani yake, na kusifu ni kukitaja. Ndiyo maana sifa isiyo ya kweli tumeipa jina lake kando: kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani. Mtu anakuvisha kichwani kilemba cha majani, wewe unatembea kifua mbele, wenzako wanaona nyasi. Lugha yetu yenyewe, kabla mwalimu yeyote hajaingia darasani, imeshatenganisha sifa na kujipendekeza. Tushike hilo, litatusaidia tutakapofika kwenye swali la uongo.

Vyombo vya malenga vina majina yake, nayo si magumu. Tashbihi ni kufananisha kwa "kama": macho kama ya ndama. Istiari inaondoa "kama" na kusema moja kwa moja: wewe ni mwezi. Chuku ni kukuza. Fumbo ni kusema jambo moja na kukusudia jingine, ukimwachia msikilizaji kazi ya kulifumbua. Tutaviona vyote vikifanya kazi.

Mahali viwili vinapokutana

Tashbihi ina kanuni moja ambayo ukiishika hutapotea. Vitu viwili vinavyofananishwa hukutana mahali pamoja tu, na kazi ya msikilizaji ni kupatafuta mahali hapo. Pengine pote paachwe.

Tunafanya hivyo kila siku bila kujijua. Tunasema binti fulani ni maji ya kunde. Hakuna anayefikiri kwamba ananuka jikoni au kwamba amechemshwa. Tunajua papo hapo kwamba wanakutana kwenye rangi: ule weusi ulioingiwa na wekundu, wenye joto, wa maji yaliyoepuliwa. Tunasema mguu wa bia, na kila mtu anaiona chupa kwa umbo lake, wala hakumbuki ulevi. Huo ni ushairi. Umetembea mtaani muda mrefu mpaka tumesahau kwamba ulitungwa na mtu mwenye jicho.

Mambo huwa magumu tashbihi inapotoka mbali. Wimbo Ulio Bora, ambao Wakristo wengi wamewahi kuusikia ukisomwa harusini, unamwambia mpenzi katika sura ya 4 kwamba nywele zake ni kama kundi la mbuzi wanaoteremka mlima Gileadi. Nimeona mabibi harusi wakijizuia kucheka. Lakini simama na mchungaji wa nchi ile jioni, ng'ambo ya bonde. Mbuzi wake ni weusi. Kwa mbali humwoni mbuzi mmojammoja. Unaona weusi mmoja unaong'aa ukiporomoka mlimani kwa mawimbi. Hizo ni nywele. Mstari unaofuata unafananisha meno na kondoo waliotoka kuoshwa, kila mmoja na pacha wake, hakuna aliyepungua. Yaani meno ni meupe, yanalingana juu na chini, hayana pengo.

Hapo ndipo utamu wa jambo ulipo, kwa sababu sisi tunasifu pengo! Mwanya katikati ya meno ya mbele ni urembo unaotajwa katika nyimbo zetu na katika mazungumzo ya barazani. Mshairi wa Gileadi angemwona mrembo wetu akasema kondoo mmoja amepotea. Wala hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja amechukua kipimo kutoka nyumbani kwake. Vilevile Rwanda, kwenye utamaduni wa ng'ombe, mwanamke mwenye macho makubwa matulivu husifiwa kuwa ana macho ya ndama. Mpelekee sifa hiyo msichana wa mjini ambaye ng'ombe anamjua kwa nyama tu, atakununia. Mfugaji amekaa na ndama alfajiri na anayajua yale macho. Kwake hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mshairi si "vinafanana vipi?" Muulize: umekaa na kitu hicho wapi, ukakiona nini?

Kwa nini barafu?

Jaribu kanuni hiyo kwenye barua za zamani. Vijana wa enzi za bahasha na stempu walianza hivi: kwako asali wa moyo, barafu wa moyo wangu, natumai u buheri wa afya. Asali ni rahisi. Barafu je? Katika lugha za nchi za baridi, moyo wa barafu ni moyo wa mtu asiye na huruma, na mpenzi mzuri ni yule mwenye joto. Ukitafsiri barua ya Mswahili neno kwa neno kwa mtu wa huko, atadhani umemtukana mpenzi wako.

Lakini fikiria pwani yetu mwezi wa Februari, kaskazi imelegea, jua la saa nane limesimama utosini. Joto kwetu ni mateso. Anayekupa kivuli, upepo au maji ya baridi amekupa uhai. Ndiyo maana Kiswahili kimeweka faraja yote upande wa baridi: moyo unapoa, roho inaburudika, msiba unapozwa, hasira zinashuka. Hata kijana wa leo akiulizwa hali hujibu "poa". Moto nao umo katika mashairi ya mapenzi, lakini angalia umekaa wapi. Penzi ndilo moto, ndilo linaloniunguza na kunikosesha usingizi. Mpenzi ndiye anayekuja kuuzima. Ugonjwa na tabibu hukaa vivyo hivyo: penzi ni donda, mpenzi ni dawa. Mtu akikuita barafu wa moyo amekiri kwanza kwamba anaungua.

Kabla ya majokofu, kazi hiyo ilikuwa ya mtungi. Nimetunga ubeti huu ili tuutumie kwa mambo mawili kwa wakati mmoja:

Maji ndani ya mtungi, jua kali la mchana,
Nateka kata si nyingi, kiu siioni tena,
Wapita njia ni wengi, wala hawajauona,
Ulipo sisemi mengi, mwenyewe tumejuana.

Juu juu ni maelezo ya mtu aliyekunywa maji. Mistari miwili ya mwanzo inakaribia kukubali hivyo. Mstari wa tatu unaanza kutia shaka: kwa nini anajali kama wapita njia wameuona mtungi? Wa nne unafungua mlango na kuufunga papo hapo. Kuna mtu, anajulikana, na hatatajwa.

Sitara

Hili la kutotaja ndilo linalowakera wasomaji wa leo. Huniambia: kama unampenda, si useme? Hudhani fumbo ni woga, au ni mabaki ya zama ambazo watu waliona haya. Kuna ukweli kidogo humo. Katika miji ya pwani kulitaja hadharani jina la mwanamke wa nyumba ya watu kulikuwa kumvunjia heshima yeye na jamaa zake, na mshairi aliyempenda alilazimika kumwita njiwa, tausi, lulu, chombo, embe. Lakini kama woga ungekuwa sababu yote, mafumbo yangekufa pale woga ulipopungua. Hayajafa, kwa sababu yanafanya kazi nyingine.

Chukua asumini. Mshairi wa Kiswahili analipenda ua hili dogo jeupe kuliko maua makubwa yenye rangi kali, na sababu haiko machoni. Asumini hufunguka jioni, na hulioni gizani. Unalijua kwa harufu. Wanawake wa pwani hulifunga pamoja na rehani na mkadi kuwa kikuba, wakakichomeka kwenye nywele au kifuani, ndani ya nguo. Anayepita njiani hupata harufu tu. Anayekijua kilipo ni mmoja. Fumbo limejengwa kama kikuba. Wote wananusa kwamba kuna mapenzi hapa, ila anayejua yalipofungwa ni yule aliyetungiwa. Ubeti wa wazi ungemfanya awe sawa na umati unaosikiliza, na fumbo linamtoa katika umati. Kwa maoni yangu hakuna heshima kubwa kuliko hiyo ambayo maneno yanaweza kumpa mtu.

Lugha yenyewe inasaidia. Kiswahili hakibainishi mume na mke katika kitenzi: "ananipenda" inatosha kwa wote. Mtafsiri akipeleka shairi letu kwenye Kiingereza hulazimika kuchagua kama mpendwa ni mwanamume au mwanamke, na papo hapo pazia moja linaanguka. Sisi tunaweza kusoma diwani nzima ya mapenzi bila kulazimishwa kujua.

Taarabu ndiyo iliyoifikisha sanaa hii kwa kila mtu. Muziki huo uliingia Unguja kupitia jumba la Sultani, ukiimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, aliyezaliwa kijijini Fumba karibu na mwaka 1880, aliuimba kwa Kiswahili, lugha ya wauza samaki na wapishi, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Tangu hapo fumbo la mapenzi lilisikika kwenye gramafoni za mitaani, si kwenye zulia la mfalme peke yake.

Hapa pia ndipo mkanganyiko wa taarabu ulipo. Nenda ukumbini, uangalie watu wanavyotunza. Mwimbaji anaimba mstari kuhusu ndege aliyerudi kwenye tundu lake. Mwanamke anainuka kutoka meza ya nyuma, anatembea kwa madaha na noti mkononi, anampa mwimbaji mstari huohuo ukirudiwa, kisha anarudi kuketi. Hakusema neno. Lakini ukumbi mzima umeelewa kwamba mstari ule sasa ni wake, na kuna mtu mule ndani ambaye umemfikia. Usiku mwingine mwanamke mwingine atainukia mstari uleule kwa kisa tofauti kabisa. Ndiyo maana kubishana kama wimbo fulani ni wa mapenzi au wa kumsimanga jirani mara nyingi hakufiki mwisho. Mtunzi ameacha kiti kitupu, na anayekikalia ndiye anayekipa maana. Jina la khanga hufanya vivyo hivyo. "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika" ikivaliwa na bibi harusi ni furaha, na ikivaliwa na jirani aliyegundua siri yako ni habari nyingine.

Mizani, au kazi ya mikono

Wengi huamini vina na mizani ni mapambo, kama maua ya plastiki mezani. Wengine huenda mbali zaidi wakasema hubana hisia: mtu anayependa kweli angewezaje kuhesabu silabi?

Mizani ni idadi ya silabi. Katika shairi letu la kawaida kila mstari una 16, zimegawanywa 8 na 8, na vina ni silabi zinazofanana katikati na mwishoni. Hesabu nusu ya kwanza ya mstari wa mwisho wa mpwa wangu: nyo-ngo-m-ka-li-a-i-ni. Nane kamili, na ile "m" inasimama peke yake kama mtu mzima. Usemi wa mtaani ulikuwa tayari na mizani kabla haujaingia kwenye shairi. Lugha yetu huelekea huko yenyewe. Ndiyo maana methali nyingi hukaa vizuri mdomoni.

Sasa fikiria mama anayesuka mkeka wa harusi ya bintiye. Anaukata ukindu, anauanika, anautia rangi, anasuka ukili siku nyingi, kisha anaushona ukili kwa ukili. Dukani mikeka ipo, ya plastiki, ya bei nafuu, tena inasafishika. Kwa nini asinunue? Kwa sababu binti akiukalia ule mkeka atakuwa ameyakalia masaa ya mama yake. Ubeti wenye mizani ni mkeka wa namna hiyo. Anayeupokea anajua kwamba mtu ameketi na jina lake kichwani, akageuza maneno huku na huku, akatupa neno zuri kwa kuwa lilizidi kwa silabi moja, akatafuta jingine. Upendo umo katika maana ya maneno na umo pia katika masaa yale.

Mizani ilikuwa na faida nyingine ya wazi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alitunga juu ya vita, njaa, deni na mapenzi pia. Beti zake zilikaa vichwani mwa watu miongo kadhaa kabla ya mmisionari Mwingereza William Taylor, kwa msaada wa mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua, kuzikusanya na kuziandika. Ubeti wa mapenzi usio na kina wala mizani ungepotea sokoni siku hiyohiyo.

Sisemi kwamba bila vina hakuna shairi. Ubishi huo ulipiganwa sana miaka ya 1970, mshairi Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi, diwani yake ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974, na mashairi huru ya mapenzi yaliyotungwa tangu hapo yapo, na mengine yananigusa sana. Nasema tu kwamba anayehesabu silabi hapunguzi mapenzi kwa kuhesabu.

Je, ni uongo?

Tumefika kwenye lile swali zito. Mshairi anasema amekonda, hali, halali, mpenzi wake ni mwezi mpevu wa siku ya kumi na nne, bila yeye atakufa. Kesho yake unamkuta mtaani anakula chapati, mzima. Je, si uongo?

Neno chuku lina maana mbili katika kamusi. Moja ni kukuza maneno. Ya pili, ya zamani zaidi, ni ile pembe ya kuumikia. Mwumishi aliiweka juu ya ngozi ya mgonjwa, akafyonza hewa, nyama ikavimba na damu ikapanda juu. Watu waliosema "kupiga chuku" kwa maana ya kukuza maneno waliona pembe hiyo ikifanya kazi. Pembe haiingizi damu mwilini. Inaivuta ile iliyokuwamo ndani isionekane, ikaja juu ya ngozi. Hivyo ndivyo ninavyoielewa chuku ya mapenzi. Anayesema "nitakufa" hatangazi tarehe ya mazishi. Kuna hofu ndani yake, ya kweli, ambayo kwa maneno ya kipimo cha kawaida ingebaki chini ya ngozi.

Ukipenda, chongo utaita kengeza, wahenga walisema. Wengi huitaja methali hiyo kumcheka aliyependa, kwamba haoni ukweli. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Mwenye kupenda ameliona lile jicho. Amelitazama kwa karibu kuliko yeyote, na amechagua jina ambalo mwenye jicho anaweza kuishi nalo.

Kilemba cha ukoka basi tutakitambuaje? Kipimo changu ni kimoja na hakijanidanganya mara nyingi. Jaribu kumvika mtu mwingine. Ubeti unaosema "wewe ni ua, wewe ni nyota, wewe ni malkia" unawatosha wote, ndiyo maana unasambaa kwenye simu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule bila kubadilishwa hata nukta. Kilemba cha majani hakina saizi. Lakini mtu akitunga juu ya jinsi unavyoikunja khanga kabla ya kuketi, au unavyonyamaza kwanza ndipo ujibu, hakuna wa kumpelekea mwingine. Sifa hiyo ilipatikana kwa kukaa karibu.

Nataka pia kuondoa dhana kwamba lugha hii ni ya wachumba peke yao. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Humo anamfundisha jinsi ya kumtunza mume: akilala usimwamshe, usipaze sauti, usiondoke karibu naye. Mengi katika mafundisho hayo leo tunayajadili kwa ukali, na tuna haki. Lakini ukiusoma utendi wote unaona kwamba mpendwa mkuu humo ni huyo binti anayeambiwa aje na wino na karatasi, aketi karibu na mama. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa shairi linalomfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua. Tashbihi ileile ya ua ambayo kwenye simu ni kilemba cha ukoka, kwake imebeba kaburi, kwa sababu amechagua mahali pa kukutania: si uzuri wa ua, ni kufunga kwake. Na katika kasida za Maulidi Mtume husifiwa kuwa mwezi mpevu uliotuchomozea. Mwezi ni uleule wa mashairi ya wachumba. Anayetofautisha ni aliyeusimamia na moyo aliosimama nao.

Shairi pia halitakiwi kubaki bila jibu. Malenga wa pwani wamezoea kujibizana: ubeti unatumwa, mwenzako anaurudishia wake, kwa vina vyake. Hilo shangazi wa Singida hakulijua, wala mimi sikuwa nimelitarajia kwa bibi harusi. Yeye ni mwalimu wa biolojia. Anajua jambo ambalo mume wake hakulifikiria alipokuwa akihesabu silabi: kwamba nyongo hutengenezwa na ini lenyewe, na kwamba kazi yake mwilini ni kuyayeyusha mafuta tunayokula. Wiki tatu baada ya harusi alimwachia karatasi chini ya bakuli la chai. Mpwa wangu alinipigia simu akanisomea, kisha akanisomea tena mstari wa tatu.

Nyongo nimeitikia, ini langu nakumbusha,
Mafuta yakizidia, ni mimi nayayeyusha,
Uchungu ukiingia, wewe ndiwe wauzusha,
Na bado nakukalia, hapana wa kuhamisha.